Dharura ya Ngozi na Daktari Yuko Mbali: Mwongozo Kamili wa Kuchunguzwa kwa Njia ya Simu

Ujumbe unaoshindikana huwa unafanana. "Dokta habari, nimetokwa na vipele vinawasha sana, naomba dawa." Chini yake kuna picha moja ya njano kwa sababu ya taa ya chumbani, imetetema, na huwezi kujua kama ni mkono au paja. Daktari anarudisha maswali sita, mgonjwa anajibu mawili, nusu siku inakatika, kisha linakuja jibu lile lile: nenda kituo cha afya kilicho karibu. Mgonjwa anaondoka akiamini kwamba tiba mtandao ni kupoteza muda.

Si kweli. Magonjwa ya ngozi yanachunguzika kwa mbali kuliko mengi mengine, maana yako wazi machoni. Ila daktari aliye upande wa pili wa simu hawezi kugusa, kunusa, kubonyeza wala kukwangua ngozi apeleke maabara. Kazi hizo inabidi umfanyie wewe, kisha umpelekee ulichokiona. Na jambo moja liwekwe sawa mapema: huduma hii haipimwi kwa kupata jina la dawa. Kuambiwa "njoo sasa hivi" ndani ya dakika 20, badala ya kesho, nako ni kufaulu.

Kama una haraka, soma hatua ya 1 kabla ya kingine chochote.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kamera nzuri ya nyuma, chaji ya kutosha na intaneti ya kuweza kutuma picha tano hadi nane.
- Mtu wa kukusaidia kupiga picha. Mgongo, kisogo na nyuma ya paja huwezi kujipiga vizuri, usijidanganye.
- Kitambaa kisichong'aa, cha rangi moja, ikiwezekana kijivu, bluu au kijani.
- Rula. Ukikosa, sarafu.
- Kalamu ya wino usiofutika haraka.
- Glasi ya kunywea maji, iwe ya kioo, angavu, isiyo na michoro.
- Kipimajoto, na saa yenye mshale wa sekunde au simu ya pili.
- Dawa zote alizotumia mgonjwa kwa wiki 8 zilizopita: vidonge, sindano, dawa za kupaka na za mitishamba. Weka na maboksi yake mezani.

Usiahirishe kwa sababu umekosa kimoja. Rula na kipimajoto vinasaidia, lakini mgonjwa anayezidiwa hasubirishwi kwa ajili ya rula.

## Hatua ya 1: Amua kama hili ni la simu

Kosa kubwa kuliko yote ni kukaa ukisubiri jibu huku hali ni ya kukimbizwa hospitali. Picha mbaya inaweza kurudiwa. Saa mbili zilizopotea hazirudi.

Ondoka sasa hivi ukiona lolote kati ya haya:

- Midomo, ulimi au koo vinavimba, sauti inakwaruza, pumzi inabana, au mtu anataka kuzimia, hasa baada ya chakula, dawa au kuumwa na mdudu. Alazwe chali na miguu iinuliwe. Kama anahema kwa shida, aketi. Asisimamishwe wala kutembezwa. Kama ana sindano yake ya adrenalini, achomwe mara moja pajani, upande wa nje.
- Malengelenge au ngozi inayobabuka kama iliyomwagiwa maji ya moto, huku mdomoni, machoni au sehemu za siri kukiwa na vidonda.
- Madoa ya zambarau au meusi-mekundu yasiyofifia yakibonyezwa, pamoja na homa. Namna ya kupima iko kwenye hatua ya 5.
- Maumivu makali kupita kiasi ukilinganisha na kinachoonekana, na eneo linapanuka kwa saa, si kwa siku. Ngozi ikigeuka rangi ya kijivu au zambarau, au ikipoteza hisia, hilo si la kujadili.
- Uvimbe kuzunguka jicho, ikiwa jicho linauma likizungushwa, linatokeza au haoni vizuri.
- Upele wowote unaoambatana na shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida.
- Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi, au mtoto mchanga wa chini ya siku 28 mwenye malengelenge.
- Kuungua usoni, viganjani, sehemu za siri au kwenye viungo, na kuungua kokote kwa umeme au kemikali.

Kwa moto au maji ya moto, poza kwa maji ya bomba ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Hata kama saa mbili zimepita bado inasaidia. Baada ya saa 3 faida yake ni ndogo. Usiweke barafu, dawa ya meno wala mafuta. Kama ni kemikali ya unga, pangusa kwanza ukiwa umekinga mikono yako, ndipo uoshe kwa maji mengi.

Hilo la malengelenge na vidonda vya mdomoni nalirudia kwa sababu ndilo linalochelewa sana. Hali hiyo, iitwayo ugonjwa wa Stevens-Johnson, mara nyingi husababishwa na dawa, na kwa kawaida hujitokeza wiki 1 hadi 4 baada ya kuanza kuitumia. Mgonjwa haunganishi mambo hayo mawili: "Ile dawa nilianza wiki mbili zilizopita, haiwezi kuwa yenyewe." Inaweza sana. Dawa zinazojulikana kwa hilo ni pamoja na kotrimoksazoli, nevirapini, alopurinoli, karbamazepini, fenitoini na lamotrijini. Ugonjwa huo huanza kama mafua, macho yanachoma, ngozi inauma kabla hata haijabadilika. Ngozi inayouma kuliko inavyowasha, kwa mtu aliyeanza dawa mpya, aonwe ana kwa ana siku hiyo hiyo.

Yanayofaa kwa simu, lakini leo leo: mkanda wa jeshi, jipu, mguu uliovimba na kuwa na joto kwa mtu ambaye bado ana nguvu, pumu ya ngozi iliyochachamaa, upele uliotokea baada ya dawa bila dalili za hatari, vipele kwa mtoto anayecheza na kula kama kawaida.

Mkanda wa jeshi una saa yake: dawa za kupambana na virusi hufanya kazi vizuri zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Ukikaa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ukipaka vitu, nafasi hiyo imekwenda. Na ukitokea kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua, usiishie kwenye simu. Jicho lenyewe linahitaji kuchunguzwa siku hiyo.

Doa au baka linalobadilika sura si dharura ya saa, lakini picha ya simu pekee haitoshi kulihukumu. Tumia simu kupata miadi ya haraka, na usisahau nyayo, viganja na kucha. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, saratani hatari ya ngozi ikitokea mara nyingi hujificha huko.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini tatizo hili linaweza kusubiri jibu kwa saa kadhaa. Ukishindwa kuikamilisha sentensi hiyo, ondoka.

## Hatua ya 2: Iache ngozi kama ilivyo

Kabla ya kupiga picha, usipake kitu. Mafuta yanaleta mng'ao unaoficha ngozi, poda inafunika, na dawa za rangi zinabadilisha kila kitu.

Adui mkubwa hapa ni krimu zenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Zikipakwa kwenye fangasi, muwasho na wekundu vinapungua, mduara unapoteza ukingo wake, lakini fangasi wanaendelea kutambaa. Daktari anaona kitu kisichofanana na chochote. Kama umeshapaka, si mwisho wa dunia. Sema ni krimu gani, tangu lini na mara ngapi kwa siku. Krimu za kung'arisha ngozi zitaje pia. Watu huzificha kwa aibu, na nyingi zina steroidi kali, haidrokwinoni au hata zebaki, vitu ambavyo vyenyewe huweza kuleta ugonjwa unaoulizia.

Osha taratibu kwa maji, kausha kwa kugusisha taulo bila kusugua, toa vipodozi na vito, kisha subiri dakika 10 hivi ili wekundu wa kuoshwa upungue. Usipasue malengelenge. Usiondoe gaga. Kama kuna usaha, piga picha kabla ya kuusafisha na nyingine baada ya kuusafisha.

## Hatua ya 3: Tafuta mwanga, halafu mandhari ya nyuma

Mwanga wa mchana karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja, unashinda taa yoyote uliyonayo. Mgonjwa aelekee dirishani; anayepiga picha alipe dirisha mgongo au akae ubavuni, ila asikinge mwanga kwa kivuli chake. Usiku, washa taa nyeupe zote za chumba. Flashi izimwe: inachoma katikati ya picha na kufanya ngozi yenye unyevu ing'ae. Ukilazimika, mtu mwingine amulike kwa tochi ya simu ya pili kutoka pembeni, huku ameifunika kwa karatasi moja nyeupe.

Kitambaa cha nyuma si urembo. Kamera ya simu hujipimia mwanga kwa kuangalia picha nzima. Ukilaza mkono mweusi juu ya shuka jeupe, simu inadhani kuna mwanga mwingi mno, inaupunguza, na ngozi inatoka giza tupu. Ndiyo maana nimesema kijivu, bluu au kijani. Ukishaweka kitambaa, gusa kwenye kioo cha simu pale pale penye ngozi, ili ulengaji na mwanga vyote vipimwe kwa ngozi. Simu nyingi zitakuonyesha kialama cha jua pembeni: kipandishe au kishushe kwa kidole mpaka rangi ya kiooni ifanane na unayoiona kwa macho.

Zima vichujio vya urembo na hali ya kutia ukungu nyuma ya picha. Hivyo vinalainisha ngozi, na wewe unataka ionekane ilivyo.

## Hatua ya 4: Piga picha kwa mpangilio

Futa kamera kwa kitambaa laini. Alama za vidole ndizo "ukungu" wa picha nyingi zinazokataliwa. Tumia kamera ya nyuma, si ya mbele.

Picha ya mbali. Mita 1 hadi 2. Ionyeshe kiungo kizima au mgongo mzima. Daktari anasoma mtawanyiko kabla ya kusoma kipele: mstari wa upande mmoja wa mwili tu unaelekeza kwenye mkanda wa jeshi, upele uliokaa pale tu nguo au saa inapogusa unaelekeza kwenye mzio wa kitu kilichogusa ngozi. Picha hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na bila yake za karibu hazina mahali pa kukaa.

Picha ya kati. Sentimita 50 hivi. Eneo lenye tatizo pamoja na ngozi nzima inayolizunguka.

Picha ya karibu. Hapa ndipo watu wanaharibu kwa kusogeza simu mpaka iguse ngozi. Kamera nyingi hazilengi chini ya sentimita 10. Kaa sentimita 20 hadi 30, kuza mara 2 tu, gusa kioo, shusha pumzi, kisha piga. Weka rula kando ya kipele bila kukifunika. Chagua kipele kipya kisichokunwa, halafu piga na kilichozeeka. Kipele kipya kina habari. Kilichokunwa kina hadithi ya kucha zako.

Picha ya ubavuni. Inamisha simu ili uone kipele kwa upande. Picha ya juu haisemi kama kimeinuka, kimebonyea au kina maji ndani.

Picha ya upande wa pili. Mguu wa kulia ukiwa na tatizo, piga na wa kushoto ukiwa mkao ule ule.

Kisha ongeza kulingana na hali: ndani ya mdomo kama kuna homa au dawa mpya, macho yakiwa mekundu, viganja na nyayo, kati ya vidole vya miguu kama mguu umevimba.

### Kwa ngozi nyeusi

Wekundu unaoelezwa kwenye vitabu mara nyingi hautauona. Utaona zambarau, kahawia iliyoiva, kijivu, au ngozi yenye mng'ao tu kwa sababu imevutika. Kwa hiyo usitegemee rangi peke yake. Gusa kwa nyuma ya kiganja chako ulinganishe joto la pande mbili. Bonyeza uone kama panabaki shimo. Tazama sehemu ambazo rangi ya ngozi ni hafifu: viganja, nyayo, ndani ya kope la chini, fizi. Mwandikie daktari: "Rangi haijabadilika sana lakini pana joto kuliko upande wa pili na panauma nikibonyeza." Sentensi hiyo inafanya kazi ambayo picha haikuweza.

Umefaulu kama ukiikuza picha kwenye simu yako unaona mistari midogo ya ngozi au vinyweleo bila ukungu. Usipoviona wewe, daktari naye hatoviona.

## Hatua ya 5: Mfanyie daktari kazi ya mikono

Jaribio la glasi. Laza ubavu wa glasi juu ya doa, kandamiza mpaka ngozi ya pembeni ipauke, kisha angalia kupitia kioo. Doa likififia, damu bado iko ndani ya mishipa. Likibaki vile vile, damu imevujia chini ya ngozi, na kwa mtu mwenye homa hiyo ni safari ya hospitali bila kusubiri mtandao. Kwenye ngozi nyeusi fanya jaribio hili viganjani au nyayoni, na ukague ndani ya kope na kaakaa. Rekodi video fupi ukikandamiza, maana picha ya kabla na baada hazionyeshi kile kitendo chenyewe.

Tahadhari: doa kufifia hakumfanyi mgonjwa kuwa salama. Mwanzoni mwa maambukizi ya damu, madoa yanaweza kufifia, au yasiwepo kabisa. Anayezidi kudhoofika aende, glasi iseme isemavyo.

Mpaka wa kalamu. Kwa uvimbe au wekundu unaoenea, chora mstari kwenye ukingo wake na uandike saa pembeni, juu ya ngozi. Rudia kutazama baada ya saa 2 na 4. Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hiki, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinamaliza ubishi wa "naona kama umeongezeka."

Namba tatu. Joto la mwili; mapigo ya moyo kwa dakika nzima; pumzi kwa dakika nzima, mgonjwa akiwa ametulia. Kama kuna homa, bonyeza ukucha kwa sekunde 5 uachie. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, na mkono si wa baridi, mzunguko wa damu una shida na mgonjwa asibaki nyumbani. Parasetamoli hushusha joto, kwa hiyo andika aliimeza saa ngapi.

Kadiria ukubwa. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake yote. "Viganja 3" ni jibu bora kuliko "sehemu kubwa".

## Hatua ya 6: Andika maelezo kwa mfuatano wa muda

Picha inasema hali ilivyo sasa. Haisemi ilianzaje, na hapo ndipo utambuzi mwingi unapopatikana. Andika yote kwenye ujumbe mmoja. Mfano wa mgonjwa wa kubuni:

> Mwanamke, miaka 34, si mjamzito, sinyonyeshi. Mguu wa kulia chini ya goti umevimba, una joto, rangi ya zambarau iliyoiva. Ulianza juzi jioni kama doa la ukubwa wa sarafu. Jana asubuhi ukafika nusu ya muundi. Leo saa 3 asubuhi nimechora mpaka. Saa 7 mchana umevuka kwa sentimita 2 kwenda juu. Maumivu 6 kati ya 10, nakanyaga kwa shida. Joto 37.9 kwapani, mapigo 92. Mguu wa kushoto uko sawa. Kati ya vidole vya mguu wa kulia kuna fangasi, picha ya 6. Nilimeza parasetamoli 2 jana usiku. Sijapaka kitu. Nina kisukari, natumia metformini. Mzio: penisilini, nilivimba uso utotoni. Haijawahi kunitokea. Swali: naweza kuanzia dawa nyumbani, au nije?

Tazama jinsi kila kipande kinavyofanya kazi. Mguu mmoja tu kuvimba na kuwa na joto kunaelekeza kwenye maambukizi kama selulaitisi, yaani bakteria walioingia ndani ya ngozi. Miguu yote miwili ikiwa hivyo kwa pamoja, daktari atawaza kitu kingine kwanza. Fangasi wa vidoleni ndio mlango ambao bakteria hupitia, na usipotibiwa tatizo hujirudia. Mzio wa penisilini unabadilisha dawa. Kisukari pamoja na mpaka uliovukwa kwa sentimita 2 ndani ya saa 4 huenda vikamfanya daktari amwite siku hiyo hiyo. Ameamua hivyo kwa kusoma ujumbe mmoja, bila swali hata moja la nyongeza.

Usianze na jina la ugonjwa ulilolisoma mahali. "Nina fangasi" kunamvuta msomaji upande mmoja kabla hajatazama. Eleza unachokiona, swali liweke mwisho.

Kwenye dawa usichuje. Orodhesha zote za wiki 8 na tarehe ya kuanza, hata zilizokwisha. Kuna aina kali ya mzio wa dawa inayoleta homa, uso kuvimba na matezi, ambayo inaweza kuchukua wiki zote hizo kujitokeza. Mtaje pia yeyote nyumbani mwenye upele kama huo. Kwa mtoto, sema chanjo alizopata, na kama upele ulianza na homa, kikohozi na macho mekundu, yaseme kabla hujampeleka kwenye chumba cha kusubiria kilichojaa watoto wengine. Surua inaambukiza kwa hewa.

## Hatua ya 7: Tuma kwa njia sahihi

Chagua huduma yenye daktari anayetambulika kwa jina na usajili, na inayokuambia jibu linakuja baada ya muda gani. Huduma inayojibu "ndani ya siku 3" ni nzuri kwa chunusi, si kwa hili. Programu zinazotoa jina la ugonjwa zenyewe kutokana na picha usizitumie kuamua kwamba mgonjwa yuko salama.

Programu za kutumiana ujumbe hubana picha na kuzipotezea undani. Tuma kama faili, si kama picha ya kawaida. Lakini faili halisi linaweza kubeba taarifa za mahali ulipopigia, hivyo zima utambuzi wa mahali kwenye kamera kabla ya kuanza. Zipe picha namba kwa mpangilio wa hatua ya 4.

Uso usiohusika usiwemo. Picha za sehemu za siri zipitie mfumo rasmi wa huduma tu, baada ya daktari kuziomba, na uzifute kwenye simu na kwenye hifadhi ya mtandaoni inayojinakilia yenyewe. Za sehemu za siri za mtoto usizipige wala kuzituma kabisa, mpeleke aonwe. Hapo hakuna upele unaostahili hatari ya picha hiyo kuvuja.

## Hatua ya 8: Simu ya video

Video haichukui nafasi ya picha. Ubora wake hushuka intaneti ikilegea, kwa hiyo picha zitangulie. Faida ya video ni kwamba daktari anamwona mtu mzima: anavyohema, anavyokaa, kama mtoto anamfuata mama kwa macho au amelegea.

Kaa mahali pale pale penye mwanga, glasi na kalamu karibu. Mgonjwa mwenyewe awepo. Inashangaza ni mara ngapi ndugu anapiga simu akiwa kazini na mgonjwa yuko nyumbani. Ukiambiwa "bonyeza pale", bonyeza huku unatazama uso wa mgonjwa, umwambie daktari umeona nini.

## Hatua ya 9: Usikate simu bila majibu haya manne

1. Unafikiri ni nini, na ni kitu gani kingine kinachoweza kufanana nacho?
2. Nikianza dawa, nitarajie nafuu baada ya muda gani?
3. Nikiona nini niache kusubiri, niende hospitali?
4. Nitakutumia picha nyingine lini?

Yaandike. La tatu ndilo lenye uzito, na daktari mzuri atakujibu kwa dalili mahususi, si kwa "ikizidi".

Piga picha za ufuatiliaji mahali pale pale, mwanga ule ule, umbali ule ule, baada ya saa 24 na 48. Kwa selulaitisi, mstari unaweza kuvukwa kidogo siku ya kwanza ya antibiotiki bila maana kwamba dawa imeshindwa. Kusipokuwa na nafuu yoyote kufikia saa 48, au homa ikipanda wakati wowote, unahitaji kuonwa. Usiongeze dozi wala kubadilisha dawa kwa ushauri wa mtu aliyewahi kuugua "kitu kama hicho".

Muda ulioahidiwa ukipita bila jibu, piga simu badala ya kutuma ujumbe wa pili. Isipopokelewa, kagua upya orodha ya hatua ya 1 kila saa 2, na usiku ukiingia huku tatizo linaenea, nenda kituoni bila kungoja ruhusa ya mtu. Beba simu yenye picha zote, ujumbe ulioandika na maboksi ya dawa. Mstari wa kalamu usiuoshe mpaka daktari wa huko auone.